Spika za mtumba kutoka Nairobi: hesabu ya Namanga na karatasi zinazoiamua

Anayenunua spika zilizotumika Nairobi kwa ajili ya kazi Arusha, Moshi au Babati hana budi kupiga hesabu ya boda kabla ya kuanza kubishana bei na muuzaji. Sisi tunaoishi kwa kukodisha muziki tunaona wenzetu wengi, wenye kwaya, MC wa harusi, vijana wanaoanza u-DJ, wakifunga safari wakiwa na hela ya mzigo na nauli peke yake. Wanaamini kwamba Kenya na Tanzania zimo katika Jumuiya moja, kwa hiyo kilicholipiwa ushuru Mombasa hakilipiwi tena Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Wakifika kwenye kaunta wanakuta deni linalokaribia nusu ya bei ya mzigo.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza Januari 2005, na ni kweli kwamba bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya hazitozwi ushuru wa forodha zikivuka kutoka nchi mwanachama kwenda nyingine. Lakini hapo linaangaliwa chimbuko la bidhaa, yaani ilikotengenezwa. Spika iliyotengenezwa China, ikashushwa Mombasa, ikalipiwa ushuru KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ikapigwa miaka minane kwenye klabu ya Westlands kisha ikauzwa Luthuli Avenue, mtaa wa Nairobi wa vifaa vya umeme, bado ni bidhaa ya China. Ikiingia Tanzania inahesabiwa kama mzigo unaotoka nje ya Jumuiya. Ule ushuru uliolipwa Mombasa haumsaidii mnunuzi wa mtumba, kwa sababu hakuingiza yeye na hana nyaraka za kuingizia.

Hapo ndipo cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuthibitisha chimbuko la bidhaa, kinapowachanganya watu. Cheti hicho kipo kweli, kinatolewa mpakani kwa wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Kiliwekwa kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi husika: mahindi, maharage, na nyinginezo za namna hiyo. Amplifaya ya Japani au ya China haiingii humo hata kama ina thamani ya dola 100. Mtu akikwambia atakukatia cheti hicho kwa ajili ya spika, anakuuzia kosa ambalo jina lake litakuwa lako.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Msingi wa kutoza ni bei ya kununulia mzigo, ukiongeza gharama ya kuusafirisha mpaka mpakani na bima kama ipo. Juu ya jumla hiyo unatozwa ushuru wa forodha kwa kiwango cha pamoja cha Jumuiya. Viwango hivyo vilikuwa asilimia 0, 10 na 25. Tangu Julai 2022 kuna ngazi ya nne ya asilimia 35. Kisha inakuja VAT, na hii haikokotolewi juu ya bei tupu bali juu ya bei ikiwa imeshaongezewa ushuru. Tanzania Bara VAT ni asilimia 18. Zipo pia tozo nyingine ndogo, kama ile ya maendeleo ya reli na ada ya kuchakata nyaraka za forodha, ambazo bajeti ya kila Juni inaweza kuzigusa, kwa hiyo muulize wakala kiwango cha mwaka huo huo.

Chukua mzigo wa shilingi 2,000,000 za Tanzania ukiwa umefika Namanga. Ukiangukia asilimia 25, ushuru ni 500,000. VAT inatozwa juu ya 2,500,000, nayo ni 450,000. Jumla umelipa 950,000, yaani asilimia 47.5 ya thamani ya mzigo, kabla ya zile tozo ndogo. Mzigo huo huo ukiwa kwenye asilimia 10 unalipa 596,000. Kwenye asilimia 0 unalipa VAT peke yake, 360,000. Kwenye asilimia 35 unafika 1,186,000. Tofauti kati ya ngazi na ngazi ni hela ya kununulia sabufa nyingine, ndiyo maana suala la kifaa kimeandikwa kwenye namba gani ya ushuru lisiachwe mikononi mwa mtu anayeandika kwa haraka.

Vifaa vyetu vingi vinakaa kwenye kichwa 8518 cha kitabu cha ushuru. Ndani yake kuna mgawanyo. Maiki na stendi zake ni 8518.10. Spika moja ndani ya boksi ni 8518.21, boksi lenye spika zaidi ya moja, kwa mfano inchi 15 na twita yake (ile spika ndogo ya sauti nyembamba), ni 8518.22. Spika tupu isiyo na boksi, ile tunayonunua kwa ajili ya kubadilishia, ni 8518.29. Hedifoni ni 8518.30, amplifaya 8518.40, seti kamili ya maiki, amplifaya na spika inayouzwa kama mfumo mmoja ni 8518.50, na vipuri ni 8518.90. Kinanda cha umeme kiko mbali kabisa, 9207. Waya ziko 8544. Kifaa chenye redio ndani yake, kama zile seti za sebuleni zenye FM, kinaweza kupelekwa 8527.

Penye ugomvi ni miksa. Miksa isiyo na amplifaya ndani haikuzi sauti ya kupeleka kwenye spika. Inachanganya na kurekebisha mawimbi tu, na forodha za nchi nyingi huiweka 8543.70, kichwa cha mashine za umeme zenye kazi yake maalumu. Miksa yenye amplifaya ndani, ile unayochomeka spika moja kwa moja nyuma yake, inaelekea 8518. Kwa macho ya asiyejua zote mbili ni boksi lenye vitufe. Kwa hiyo kwenye karatasi usiandike "mixer" ukaishia hapo. Andika: miksa ya chaneli 16, haina amplifaya ndani, inatoa mawimbi ya laini (line) tu, si ya kuendesha spika. Na spika yenye amplifaya ndani yake bado ni spika ndani ya boksi. Mtu asiigawe mara mbili akakuandikia spika na amplifaya kama vitu viwili.

Kuna jambo dogo ambalo halionekani mpaka likuchape. Sanduku gumu lililochongwa kwa ajili ya kifaa fulani, likija pamoja na kifaa chake, linahesabiwa pamoja na kifaa hicho. Hata ukiyatoa masanduku ukayafunga pembeni ili gari lijipange vizuri, bado yanahesabiwa na vifaa vyake; yakivuka bila vifaa hivyo ndipo yanapokuwa bidhaa ya peke yake yenye namba yake na ushuru wake. Vusha amplifaya na sanduku lake safari moja.

Sasa thamani. Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea, na ndipo mwenye mzigo ana nguvu kuliko anavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 122 na Jedwali la Nne, inaweka njia sita za kupata thamani, na zinafuatwa kwa mpangilio. Ya kwanza ni bei iliyolipwa au inayopaswa kulipwa kwa mzigo huo. Kwa maneno mengine, sheria inaanza na bei yako. Haianzi na bei ya dukani ya spika mpya, wala bei ambayo afisa ameikuta kwenye simu. Kwa magari yaliyotumika kuna utaratibu unaojulikana wa kupunguza thamani kwa umri. Kwa spika na amplifaya hakuna. Uchakavu wa kifaa unaonekana kwa njia moja tu, ile bei ndogo uliyolipa, na bei hiyo lazima iwe na ushahidi.

Afisa anaruhusiwa kuitilia shaka. Akiona spika mbili zenye jina kubwa zimeandikwa bei ya redio ya mezani, ana haki ya kudai maelezo na uthibitisho. Ukikosa, anashuka kwenye njia ya pili, bei ya bidhaa zilezile zilizoingizwa karibuni, kisha ya tatu, bidhaa zinazofanana. Kwa mtumba njia hizi mbili hazikai sawa, maana spika mbili za modeli moja, moja ikiwa imekaa kanisani na nyingine imepigwa kwenye mikutano ya hadhara juani, hazina bei moja. Mara nyingi makadirio yanaishia kwenye njia ya mwisho, ile ya makadirio ya busara, na ukishafika huko umeshapoteza usukani. Hata huko sheria imeweka mipaka: inakataza thamani za chini zilizopangwa mapema na thamani za kubuni. Anayejua hilo anazungumza kwa heshima lakini bila kutetemeka.

Kwa hiyo karatasi inaandaliwa Nairobi, mzigo ukiwa bado kwa muuzaji. Ukinunua kwa mtu binafsi hatakuwa na risiti ya kodi, basi andikeni mkataba wa mauziano. Uwe na majina kamili na namba za vitambulisho vya pande zote mbili, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, tarehe, mahali, na kila kifaa kwenye mstari wake. Mstari unaosema "spika 2 used" hauna kazi. Andika kwa namna hii: spika mbili zenye amplifaya ndani, inchi 15, jina na modeli, namba ya kila moja, zimetengenezwa 2014, nchi iliyotengeneza, zimetumika, ya kwanza imebadilishwa daiframu ya twita, ya pili imepasuka kona ya chini na wavu umebonyea, bei KSh 45,000 kila moja. Mtu akisoma hivyo anaelewa kwa nini bei ni hiyo. Piga picha za hiyo kona na huo wavu, na picha ya kibandiko cha nyuma chenye namba.

Lipa kwa njia inayoacha alama. Ujumbe wa M-Pesa au hati ya benki yenye kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye mkataba una uzito kuliko maneno yote utakayoyasema kaunta. Ukilipa nusu kwa simu na nusu mkononi, ile ya mkononi iandikiwe stakabadhi na isainiwe, la sivyo karatasi zitagongana na shaka itaanzia hapo hapo.

Kuna gharama zinazoingia kwenye thamani na zisizoingia, na watu huzichanganya kwa hasara yao. Usafiri wa kutoka Nairobi mpaka Namanga unaingia. Ada unayompa mtu wako wa Nairobi aliyekuzungukia madukani kwa niaba yako, ikiwa imeandikwa peke yake na anakuwakilisha wewe mnunuzi, haiingii. Ikimezwa ndani ya bei ya spika, inatozwa ushuru na VAT pamoja na spika. Matengenezo utakayofanya Arusha baada ya kuvuka hayaingii. Na kifaa cha zawadi, kama kanisa la Nairobi linalolipatia kanisa la Tanzania miksa yake ya zamani, hakisameheki kwa kuwa ni zawadi. Kwa vile hakuna mauzo, ile njia ya kwanza haitumiki, kwa hiyo barua ya zawadi ieleze umri, hali na kasoro za kifaa kwa undani kuliko hata mkataba wa kuuziana.

Ukinunua kwa duka lililosajiliwa VAT Kenya, bei yao ina asilimia 16 ndani yake. Mzigo unaouzwa nje ya nchi unatozwa VAT sifuri kwa sheria yao, ila muuzaji lazima afanye nyaraka za kuuza nje na abaki na ushahidi kwamba mzigo umetoka. Wengi hawataki usumbufu kwa spika mbili. Kwa mzigo mkubwa, sabufa nne na amplifaya zake, lisemeeni jambo hilo kabla ya kulipa. Vinginevyo unabeba VAT ya Kenya ndani ya bei, kisha Namanga unalipa ushuru na VAT ya Tanzania juu ya bei hiyo hiyo iliyovimba.

Ushuru uliolipwa kwa kifaa kibovu haurudi eti kwa sababu fundi wako amekifungua Arusha akatikisa kichwa. Kupima kunafanyika Nairobi, na tunaomba watu wasione haya kutoa mita ya fundi umeme mbele ya muuzaji. Spika ya ohm 8 ikipimwa kwa mita husoma takribani 5.5 hadi 6.5, ya ohm 4 husoma 3.2 hadi 3.5 hivi. Ikisoma sifuri koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) imeungana, isiposoma kabisa imekatika. Ukipimia kwenye tundu la nyuma ya boksi lisilo na amplifaya unapima ile kubwa tu, maana kapasita iliyo njiani haipitishi umeme wa mita kwenda kwenye twita; twita ifunguliwe ipimwe peke yake. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa sawasawa pande zote: ikikwaruza, koili imejipinda au imeungua, na hiyo ni kazi ya kubadilisha koni nzima. Angalia ile ringi ya sponji ukingoni, kwenye spika za miaka mingi inabomoka ukigusa.

Amplifaya na spika zenye amplifaya ndani ziwashwe zikae nusu saa zikiwa na kazi, kwa sababu nyingi zinazokata zikipata joto hupiga vizuri dakika kumi za mwanzo. Sikiliza mvumo bila muziki. Tembeza kila kitufe na kila fida ya miksa (kile kitelezo cha kupandisha na kushusha sauti). Inayokwaruza ina vumbi, inayokata sauti imelika. Soma nyuma imeandikwa volti ngapi. Vifaa vilivyotoka Marekani vingi ni vya volti 120, na kama hakuna swichi ya kubadilishia au hakikuandikwa kinapokea 100 hadi 240, kitahitaji transfoma, ambayo nayo ni bei na kilo. Kila kasoro unayoigundua ina faida mara mbili: inashusha bei kwa muuzaji, na ikiandikwa kwenye mkataba inaeleza bei hiyo kwa afisa.

Maiki zisizo na waya zinahitaji tahadhari ya peke yake. Marekani ilifunga matumizi ya maiki kwenye sehemu kubwa ya megahezi 600 tangu Julai 13, 2020, kwa kuwa masafa hayo yalipewa kampuni za simu, na seti nyingi za huko zikauzwa kwa bei ya kutupa nje ya nchi. Za Ulaya nazo zilisukumwa nje ya megahezi 700 na 800 kwa sababu hiyo hiyo. Kwetu pia masafa ya 700 na 800 yameelekezwa kwenye intaneti ya simu. Seti inayofanya kazi hapo itakuwa inapigwa na minara mahubiri yakiwa katikati, na chombo cha mawasiliano ya redio kinaihusu pia TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, inayotoa idhini ya aina ya vifaa. Soma masafa kwenye kibandiko cha kipokeaji, yameandikwa kutoka ngapi hadi ngapi. Ukikuta iko huko juu, iache hata wakikupa kwa nusu bei. Afadhali maiki nzuri ya waya.

Vifaa bandia ni shida nyingine inayokuja na bei tamu. Maiki ya Shure SM58 ni moja ya zinazoigwa sana. Ya kweli ina gramu 298, na mzani mdogo wa jikoni unatosha kukuonyesha ile iliyo nyepesi kupita kiasi. Tanzania, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, na mzigo bandia hauna cha kukadiriwa, unashikiliwa. Kulipia ushuru hakuuhalalishi.

Usibebe mabovu ukidhani yatakuwa rahisi kwa sababu ni mabovu. Wanaokusanya amplifaya zilizokufa ili kuchuna vipuri wanafikiri forodha itaona vyuma chakavu. Tangu Januari 1, 2025 marekebisho ya Mkataba wa Basel yameweka taka zote za umeme, ziwe na sumu au zisiwe nayo, chini ya utaratibu wa nchi kupeana taarifa na ridhaa kabla taka hazijavuka mpaka. Kenya na Tanzania zote zimo kwenye mkataba huo. Kifaa kisichowaka na kisicho na maelezo ya kwenda kutengenezwa kinaweza kuonekana taka, na hapo hamzungumzii tena ushuru. Ndiyo maana video fupi ya kila kifaa kikiwa kinafanya kazi, namba yake ikionekana, ni kitu cha kuwa nacho kwenye simu.

Mpakani penyewe si pa kutisha. Namanga ni kituo cha pamoja: ukitoka Kenya unapita upande wa Kenya na kumaliza taratibu za nchi zote mbili ndani ya jengo la upande wa Tanzania, maafisa wa KRA na wa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, wakiwa chini ya paa moja. Utaratibu wa namna hii upo pia Holili kwa wanaotokea Taveta na Horohoro kwa wanaotokea Lunga Lunga. Hedifoni yako ya masikioni na spika ndogo ya begi ni vitu vya safari. Spika za kusimama, miksa na amplifaya zitangaze mwenyewe kabla hujaulizwa. Mzigo mdogo wa abiria unaweza kukadiriwa papo hapo. Ukizidi hapo unahitaji wakala wa forodha mwenye leseni, atakayeandaa TANSAD, yaani tamko la forodha la Tanzania, kwenye mfumo akitumia TIN yako (namba ya mlipakodi). Omba uione rasimu kabla haijatumwa. Angalia namba ya ushuru ya kila mstari, neno "used", idadi, na thamani na sarafu yake. Shilingi ya Kenya ikiandikwa kama dola kwa bahati mbaya, marekebisho yatakula siku.

Wakala mtafute kabla ya safari, mtumie picha za mkataba kwa simu, akupe makadirio yake kwa maandishi pamoja na ada yake. Vishoka wanaokuzonga getini wakisema wanamjua fulani ndani waepuke. Malipo yote ya serikali yanatoka na namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, na jina linalotokea ni la taasisi. Hakuna ushuru unaolipwa kwa kumpa mtu noti. Baada ya malipo subiri kibali cha kuondoa mzigo, na nakala yake iwe karibu na dereva, kwa kuwa barabara ya kwenda Arusha ina ukaguzi.

Mkikwama kwenye thamani, usigombane na wala usikubali kwa uchovu. Omba sababu za kukataliwa bei yako kwa maandishi. Unaweza kuomba kuchukua mzigo kwa kuweka dhamana ya tofauti inayobishaniwa, ili kazi ya Jumamosi isiharibike. Kisha kifungu cha 229 cha ile Sheria ya Forodha ya 2004 kinakupa siku 30 za kumwandikia Kamishna wa forodha ukiomba uamuzi upitiwe upya. Naye ana siku 30 za kujibu, na akinyamaza ombi lako linahesabiwa limekubaliwa. Ukishindwa hapo una siku 45 za kwenda kwenye baraza la rufani za kodi. Kwa spika mbili hutafika mbali hivyo, lakini barua moja yenye mkataba, ujumbe wa malipo na picha za kasoro ina nguvu pale pale ofisini.

Wanaopitisha kwa njia za panya tunawasikia wakitaja walichookoa. Kifungu cha 200 cha sheria ile ile kinamweka mwenye mzigo usiolipiwa kwenye kifungo kisichozidi miaka mitano au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, mzigo unataifishwa, na gari lililobeba nalo linaweza kwenda. Kutoa hati ya uongo, pamoja na ile risiti ya pili yenye bei ndogo ambayo baadhi ya wauzaji hujitolea kuiandika, ni kifungu cha 203: hadi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Mbali na hayo, spika isiyo na karatasi haikopesheki benki, haiwekewi bima, na mteja mkubwa anayetaka risiti ya EFD na orodha ya vifaa hataielewa. Inabaki kufanya kazi za vichochoroni maisha yake yote.

Nyaraka zitunzwe angalau miaka mitano, maana ndani ya muda huo TRA inaweza kurudi na kudai ushuru uliopungua. Zitakufaa pia siku utakapopata kazi Nairobi au Mombasa na kutaka kuvuka na vyombo vyako kisha kurudi navyo. Siku hiyo, kabla ya kutoka, peleka forodha orodha yenye jina, modeli na namba ya kila kifaa, iambatanishe na nakala ya kibali cha mwanzo, igongwe muhuri. Upande wa Kenya omba kuingiza kwa muda. Sheria ya Jumuiya inaruhusu hadi miezi 12 kwa dhamana, mradi virudi vilevile. Ukirudi bila orodha yenye muhuri, afisa aliye zamu hana namna ya kujua kwamba sabufa zile zilishalipiwa hapo hapo Namanga, na atazikadiria kama mzigo mpya.